Historia ya Uwanja wa Dust II

Wanahistoria wamezoea kuandika habari za mahali panapokanyagwa kwa miguu: mji, ngome, bandari au soko. Insha hii yasimulia habari za mahali pasipopata kukanyagwa na mtu, lakini pembe zake, milango yake na vichochoro vyake vyajulikana kwa moyo na mamilioni ya watu. Mahali hapo ni Dust II, uwanja wa mchezo wa kompyuta uitwao Counter-Strike, ambao huchezwa na watu walio mbali mbali waliounganishwa na intaneti. Wachezaji huuita uwanja wa namna hii ramani. Huenda msomaji akauliza mchezo una haki gani ya kuingia katika historia. Jibu ni kwamba kitu kilichojengwa na mkono wa binadamu, kikajengwa tena mara kwa mara bila ya kupoteza umbo lake, kina historia, na historia hiyo ina funzo.

Kwanza yafaa kueleza mchezo wenyewe. Vikundi viwili, kwa desturi vya watu watano watano, hupambana. Washambuliaji wana bomu, nao hutaka kulitega katika kimojawapo cha vituo viwili, A na B. Walinzi huwazuia, au, bomu likiisha kutegwa, hujitahidi kulitegua kabla halijalipuka. Anayeuawa hukaa nje mpaka duru nyingine ianze. Kwa hiyo kila hatua ina thamani, na uwanja huwa mwamuzi asiyesema: njia ikiwa fupi mno kwa upande mmoja, haki imekwisha kupotea kabla ya risasi ya kwanza.

Counter-Strike ulianza mwaka 1999 kama kazi ya hiari ya Minh Le na Jess Cliffe, waliougeuza mchezo wa Half-Life, uliotolewa na kampuni ya Valve mwaka 1998, kuwa mchezo mwingine. Viwanja vingi vilitoka mikononi mwa wapenzi wa mchezo. Mmoja wao alikuwa David Johnston, kijana wa Uingereza aliyekuwa bado mwanafunzi. Alikuwa ameona picha za Team Fortress 2, mchezo uliokuwa ukitengenezwa wakati huo, akapendezwa na rangi zake za mchanga na jua. Kwa sura za kuta zilizochorwa na Chris Ashton alijenga uwanja ulioitwa Dust, yaani vumbi, ukatoka mwaka huo huo. Ajabu ni kwamba Team Fortress 2 ulipotoka hatimaye mwaka 2007 ulikuwa na sura nyingine kabisa. Mfano ulikufa tumboni, na mwigo ukaishi.

Dust ulipendwa upesi, na kupendwa huko kulimtia Johnston hofu. Kuandamia kitu kilichopendwa ni kazi ya hatari: ukikiiga mno hukuongeza kitu, na ukikiacha mno umekikana. Alipoanza kujenga uwanja mwingine aliuita Dust 3, maana hakuuona kuwa mfuasi wa moja kwa moja wa ule wa kwanza. Ni Cliffe aliyeupa jina la Dust II. Johnston alichukua matao, kuta za rangi ya mchanga, makasha na miteremko ya Dust, akaviweka katika mpango mpya. Uwanja ukatolewa mwezi wa Machi 2001.

Nguvu ya uwanja huu ni wepesi wa mpango wake. Kituo A chafikiwa kwa njia ndefu iliyo wazi, au kwa njia fupi ipandayo kutoka katikati. Kituo B chafikiwa kwa njia yenye giza, au kwa kupitia katikati na kuingia mlangoni. Hivyo aliyeshika katikati ameshika ufunguo wa pande zote mbili. Mgeni huuelewa mpango huu kwa siku moja, na bingwa hukaa miaka akijifunza. Ni kama bao: mashimo 32 na kete 64 hazifichi neno lolote, siri imo kichwani mwa anayeketi mbele yako.

Tangu hapo uwanja umevishwa nguo nyingi. Mwaka 2004 mchezo ulijengwa upya kwa jina la Counter-Strike: Source, na mwaka 2012 kwa jina la Counter-Strike: Global Offensive, na kila mara Dust II ulihamia pamoja nao. Februari 2017 Valve iliuondoa katika orodha ya viwanja saba vya mashindano. Oktoba mwaka huo ukarudi ukiwa umejengwa kwa mtindo wa Moroko, kuta zikiwa nyeupe zaidi ili adui aonekane wazi, lakini njia zikiwa zile zile. Na Aprili 2018 ukarudishwa katika mashindano.

Badiliko la mwaka 2021 lilikuwa la namna nyingine. Tangu mwanzo, washambuliaji wakiwa bado mahali pao pa kuanzia waliweza kutazama chini mpaka kwenye milango ya katikati, na mwenye bunduki ya masafa marefu aliweza kumpiga mlinzi akivuka upenyo wake duru ilipoanza tu. Mwaka huo njia hiyo ya macho ilizibwa. Hapakubomolewa nyumba, lakini aliyeujua uwanja alitambua kwamba mahali pamebadilika kuliko palipobadilishwa rangi zote. Hapa ndipo twaona kwamba mwili wa uwanja wa namna hii si ukuta, bali ni muda na macho: nani afika wapi kwanza, na nani amwona nani.

Novemba 2022 Dust II uliondolewa tena ili kuupisha uwanja wa Anubis. Hata hivyo, Machi 2023, Valve ilipotaka kuwajaribisha watu wachache Counter-Strike 2, iliwafungulia kwanza Dust II. Sababu yafahamika: mtu hupima mizani mpya kwa jiwe ambalo uzito wake aujua. Mwaka 2024 ukarudi katika orodha ya mashindano.

Basi, funzo ni nini? Mji wa mawe ukibomolewa huacha msingi, na mchimbaji wa baadaye husoma tabaka juu ya tabaka. Katika uwanja wa kompyuta tabaka jipya laweza kulifuta la zamani kwa usiku mmoja, kama vile mwaka 2023 mchezo mpya ulivyokalia kiti cha ule wa 2012. Mwenye mali ni kampuni, nayo ina haki ya kujenga na kubomoa. Lakini kumbukumbu ya vichochoro vile i kwa wachezaji, na wao hawana hati wala muhuri. Atakayetaka kuandika historia ya michezo ya zama zetu na aanze sasa kuhifadhi kila toleo, pamoja na maneno ya waliolicheza. Maana vumbi hili halitulii chini likangoja kuchimbwa.