Piga msasa kwanza, ununue mbao za sakafu baadaye

RELI ilipofika Kitale mwaka wa 1926, walowezi walikuwa wakijenga nyumba zenye sakafu za mbao ngumu. Baadhi ya nyumba hizo zingalipo, na wenyewe wanapozikarabati hukumbana na tatizo moja: mbao mpya hazifanani na za zamani.

Kosa la kwanza ni kufananisha mbao mpya na rangi inayoonekana juu. Rangi hiyo ni ya nta, vanishi na jua la miaka mingi. Piga msasa sehemu iliyojificha, kwa mfano ndani ya kabati, upate kuutambua mti wenyewe. Loliondo, mzeituni wa mwitu wa Mlima Elgon, una mistari ya kahawia iliyokoza. Mvule huwa wa manjano ukiwa mpya, kisha hugeuka kahawia.

Ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya serikali ulipigwa marufuku mwaka wa 1986. Kwa hivyo, tafuta mbao katika nyumba zinazobomolewa, au miti ya mashamba ya watu binafsi iliyokatwa kwa kibali.

Aidha, zingatia unyevu. Bungoma iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Kitale karibu mita 1,900. Mbao zilizokaushwa kwenye joto la Bungoma zipumzishwe takribani wiki mbili ndani ya chumba zitakamotandikwa, la sivyo zitavimba au kuachana.

Ubao mpya uwe mnene kuliko wa zamani kwa milimita moja au mbili, ili usawazishwe kwa msasa. Mafundi stadi hung'oa mbao kuukuu chini ya kabati na kuzibia sebuleni, kisha mpya wakazitia mafichoni. Viungo vipishane, visiwe mstari mmoja.

Zamisha misumari yote kabla ya kuanza, kisha piga msasa namba 40, 80 na 120, sakafu yote kwa pamoja. Jaribu vanishi kwenye kipande kilichosalia. Mafuta asilia ya mvule yanaweza kuichelewesha kukauka.

Hata hivyo, usitarajie rangi zilingane siku ya kwanza. Mbao mpya huendelea kubadilika zikipigwa na mwanga. Usiharakishe kuzipaka rangi nzito, kwani ubao ukishakunywa rangi, kuiondoa ni kuupunguza unene, na sakafu kongwe haina unene wa kupoteza.