Waogeleaji Wachache Mbele ya Mataifa

Mto Malaba hushuka kutoka Mlima Elgon, na pale barabara kuu ya Mombasa na Kampala inapouvuka ndipo Kenya inapokomea na Uganda inapoanzia. Wateso wa ng'ambo zote mbili ni ndugu, na lugha yao ni moja. Lakini katika mabwawa ya Olimpiki watu wa ng'ambo hizo husimama chini ya bendera mbili, na kila bendera huwa na waogeleaji wa kuhesabika kwa vidole.

Uchache huo una sababu yake. Taifa ambalo waogeleaji wake hawajafikia muda uliowekwa huruhusiwa kupeleka mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, ili pasiwe na nchi itakayokosa kabisa. Uganda ilikwenda London mwaka 2012 kwa mlango huo, ikiwakilishwa na Jamila Lunkuse na Ganzi Mugula. Wapo wanaowaita watu wa namna hii wasindikizaji. Sisi hatukubaliani nao, na ushahidi wetu twautoa Beijing.

Mwezi wa Agosti 2008, katika mchujo wa mita 100 kwa mtindo wa kipepeo, Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi, aligusa ukuta kwa sekunde 51.14. Hiyo ilikuwa rekodi ya Olimpiki, nayo imewekwa na Mkenya ndani ya maji! Haikudumu: muda mfupi baadaye, katika mchujo huohuo, Milorad Čavić wa Serbia aliivunja. Hata hivyo Dunford alifika fainali, jambo ambalo hakuna mwogeleaji wa Kenya aliyekuwa amelifanya kabla yake, akamaliza wa 5. Fainali hiyo dunia huikumbuka kwa sababu Michael Phelps alimshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Ni wachache wakumbukao nani alikuwa katika njia nyingine.

Mwaka 2010, huko Delhi, Dunford alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola katika mita 50 za kipepeo. Mwaka 2012 ndiye aliyeibeba bendera ya Kenya mjini London, heshima ambayo katika nchi ya wakimbiaji si ndogo. Walimu wenzetu watapendezwa kusikia kwamba baada ya kuacha mashindano aligeukia muziki, akajiita Samaki Mkuu, na kughani kwa Kiswahili.

Uganda nayo ina habari yake. Katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Husnah Kukundakwe, aliyezaliwa mkono wake wa kulia haujakamilika, aliogelea mita 100 kwa mtindo wa chura. Alikuwa na umri wa miaka 14, na katika michezo ile yote hapakuwa na mshindani mdogo kuliko yeye.