Masanduku ya stima Mji wa Kale: kabla hujashika brashi

Karibu na baraza tunayokaa baada ya Isha, huku Kibokoni, pana sanduku la stima la chuma. Rangi yake ya asili siikumbuki tena. Limejaa karatasi: mganga wa mapenzi na mali iliyopotea, nyumba ya kupangisha, sura za wagombea walioshindwa zamani. Chini linaliwa na kutu, maana chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Juzi vijana wa mtaa wakaniuliza, "Ami, tukilipaka rangi tukalichora, tutakuwa tumekosea?"

Jawabu langu ni refu kidogo.

Jambo lenyewe lina historia. Mji wa Brisbane, Australia, ulianza mwaka 1999 kuyafanya hivyo masanduku ya taa za kuongozea magari. Mkaazi hujitolea, hupeleka mchoro wake, na wakuu wa mji wakiukubali hupewa rangi akachora mwenyewe. Hoja yao ni nyepesi: sanduku tupu hualika uchafu, lakini mtu huona haya kubandika karatasi juu ya kazi ya mtoto wa jirani.

Na sisi si wageni wa mambo haya. Mikokoteni ya Mombasa imebeba maneno mgongoni tangu sisi wadogo. Khanga ina jina lake, mlango una naksi zake, jahazi lina rangi zake. Matatu ndiyo usiseme. Kwa hivyo asije mtu akatwambia kuchora vitu vya njiani ni uzungu.

Linalonitia wasiwasi ni nani atakayechagua. Mwaka 2018, wakati wa Gavana Hassan Joho, kaunti iliagiza majumba ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Wako waliofurahi kuona mji umeng'ara, nami sikatai, ulipendeza. Lakini wako walionung'unika kwamba rangi ya ukuta wao imeamuliwa ofisini. Sanduku la mtaani lisije likawa vivyo hivyo, mchoro ukaletwa tayari na watu wasiojua hata njia ya Ndia Kuu.

Hata hivyo, idhini ni lazima, tena si moja. Sanduku ni la Kenya Power, si la mtaa, na Sheria ya Nishati ya 2019 ina adhabu nzito kwa anayechezea au kuharibu mitambo ya umeme. Barabara iko chini ya kaunti. Halafu Mji wa Kale wenyewe ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi ya uhifadhi hapa hapa, kwa hivyo mabadiliko ya sura ya mitaa yanawahusu. Kijana anayechora usiku kwa siri anajitafutia kesi. Barua moja yenye mchoro, picha ya sanduku na sahihi za majirani inatosha kuanzia.

Sahihi za majirani nazitaja kwa makusudi. Wazee wetu watauliza kuhusu sura za viumbe, hasa sanduku likiwa mbele ya msikiti, na swali hilo ni la haki. Lakini tuna hazina kubwa nje ya sura: naksi za milango, maua ya khanga, khati, mikoko, mawimbi. Msichana anayejua kupaka hina anaweza kulifunika sanduku zima bila kurudia umbo.

Kwenye kazi yenyewe, lisifunguliwe sanduku kwa hali yoyote. Matundu ya hewa yasizibwe kwa rangi, kwani ndiyo yanayotoa joto. Alama ya hatari na namba ya sanduku ziachwe zisomeke. Fundi wa stima anazihitaji usiku kuliko sisi tunavyohitaji ua. Kutu ikwanguliwe kwa msasa, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, ikauke, ndipo yaje mapambo. Tukiruka hatua hiyo, chumvi itayabandua yote kabla mwaka haujageuka.

Wakati mzuri ni kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, kabla mvua za masika hazijaanza. Vijana nimewaambia waandike barua sasa. Karatasi za mganga nitazibandua mimi.