Soga za Wapagazi

Hakuna asiyejua kwamba Unguja ya karne ya 19 ilitajirika kwa pembe za ndovu na karafuu. Hesabu za matajiri zimehifadhiwa na kuchambuliwa. Lakini maneno ya wale waliozichukua pembe hizo mabegani hayakuandikwa ila kwa uchache, na hilo naliona ni pengo kubwa.

Tumtazame mpagazi mmoja. Pengine ni Mnyamwezi, pengine mngwana aliyeajiriwa papa hapa kisiwani. Ana mzigo wa frasila 2 hivi, yaani kama kilo 32, na kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni mwendo wa zaidi ya kilomita 700, miezi mitatu hivi kwa miguu. Mbele yuko kirangozi, na bendera nyekundu ya Sultani inapepea. Kushoto na kulia ni watu ambao siku mizigo ilipofungwa hakuwajua hata majina. Akishikwa na homa, nani atamtazama? Akifa, nani atamzika? Tajiri mwenye mali yuko ng'ambo ya bahari.

Jioni, wale wachache wanaochangia chungu kimoja huketi motoni, na soga zikaanza. Huyu huambiwa amelia kwa mwiba mmoja, yule kwamba kwao hula panya. Mpenzi wa malumbano ya kishairi angejiona yuko nyumbani.

Wachunguzi wa mila wanasema ni katika njia hizo ulipokua utani wa Wanyamwezi na watu wa mrima, Wazaramo wakiwamo. Na utani si mzaha mtupu. Mtani humtukana mwenziwe asimkasirikie, huchukua kitu chake asiitwe mwizi. Na kwa haki hiyo hiyo humpasa kumlisha, kumuuguza na kumzika. Sisemi njia ilikuwa ya upole: wagonjwa waliachwa porini, na wengi walitoroka. Lakini aliyeandika kwamba msafara uliendeshwa kwa ujira na kiboko tu amesimulia nusu ya habari.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mizigo ikahamia mabehewani. Utani haukuhama. Hata leo, huko bara, mtani huweza kuingia kaburini kabla ya maiti kushushwa, akagoma kutoka mpaka wafiwa wampe chochote; nao, machozi yangali mashavuni, hucheka.