Bonanza na Nyumba ya Baba Mmoja



Kila mwaka kitabu chetu hiki hutuletea habari za arusi, za waliozaliwa, na za waliotangulia mbele ya haki. Safari hii kamati imetutaka sisi wazee tuandike kumbukumbu za siku zetu za mwanzo Uingereza. Wenzangu wameshaandika habari za baridi na za kazi. Mimi nitaandika habari za Bonanza. Wakubwa watacheka, kwani wanaikumbuka. Vijana nawaomba wanivumilie. Mwisho wataona kwa nini.

Tulifika mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Mapinduzi ya Unguja. Tulikaa vyumba vitatu juu ya duka: baba, mama, bibi mzaa baba, kaka yangu mkubwa, dada yangu na mimi. Televisheni tuliikodi kwa wiki, na umeme ulikuwa wa mita: unatia shilingi, taa zinawaka; ikiisha, mnakaa kizani. Baba alikuwa mtu wa kuhesabu kila senti, lakini siku ya Bonanza hakuinyima mita ile shilingi yake hata mara moja.

Kwa wasioijua, Bonanza ilikuwa sinema ya makauboi ya mfululizo, iliyoanza kuonyeshwa Marekani na shirika la NBC tarehe 12 Septemba 1959, ikaisha Januari 1973. Kwa miaka mitatu mfululizo, kutoka 1964 hadi 1967, ndiyo iliyokuwa na watazamaji wengi kupita zote kule kwao. Hadithi yake ni ya mzee mmoja, Ben Cartwright, na wanawe watatu, Adam, Hoss na Joe, katika shamba lao la ng'ombe, Ponderosa, karibu na Ziwa Tahoe na mji wa Virginia City, Nevada, zama za machimbo ya fedha. Kipindi kilianza kwa ramani ya shamba inayoshika moto katikati, na farasi wakatokea mbio. Bibi kila mara alisema, "Haya, karatasi yao imeungua tena."

Nguo zao zilikuwa zile zile wiki zote. Adam amevaa nyeusi, Joe na koti lake, Hoss na kofia yake ndefu. Bibi akiwahurumia: "Watu wana ng'ombe wote wale, nguo hawana?" Baadaye nilisoma kwamba ilifanywa makusudi, ili picha za kipindi kimoja ziweze kutumika katika kingine.

Jambo jingine nililolijua ukubwani ni hili. NBC ilikuwa mali ya RCA, kampuni iliyouza televisheni za rangi, na Bonanza ilipigwa kwa rangi tangu siku ya kwanza ili watu wazitamani. Sisi tuliitazama miaka yote kijivu kitupu. Misonobari ya Tahoe na maji yake ya buluu tulijichorea wenyewe vichwani mwetu; mimi maji yale niliyafanya ya Forodhani.

Kilichompendeza baba hasa ni huyo mzee Ben. Kabla ya kuwa na shamba alikuwa baharia, msaidizi wa nahodha katika meli, na mke wake wa kwanza alikuwa binti wa nahodha wake. Baba naye alikuwa serahangi katika meli kabla ya kufanya kazi bandarini. Basi alipojua hayo akasema, "Huyu mwenzangu. Mtu wa bahari aliyetupwa bara."

Na Ben aliwahi kuoa mara tatu, wote wakamfia. Elizabeth alimwachia Adam. Inger, Mswidi, alimwachia Hoss. Na Marie wa New Orleans alimwachia Joe. Wana watatu, mama watatu, meza moja. Kwetu hakuna aliyehitaji kufasiriwa hilo. Kaka yangu mama yake alifariki Pemba. Dada yangu ni wa mama wa pili. Mimi ni wa mama yangu, aliyetulea sote. Waingereza jirani zetu walituuliza nani ndugu kamili na nani nusu. Kwa Kiswahili chetu swali lile hata kulitamka lilikuwa zito.

Nakikumbuka pia kipindi kimoja cha mwaka 1964, kuhusu Thomas Bowers, mwimbaji mweusi anayefika Virginia City kuimba, watu wakamkataa, kisha akatiwa ndani kwa kudhaniwa ni mtumwa aliyetoroka. Akina Cartwright wakasimama naye. Baba alikitazama kimya. Yeye mwenyewe alikuwa amegonga milango mingi akitafuta chumba, akaambiwa kimeshachukuliwa na huku tangazo bado liko dirishani. Sheria iliyokataza ubaguzi wa namna ile katika nyumba ilikuja mwaka 1968.

Sasa nifike nilipokusudia.

Pernell Roberts, aliyecheza kama Adam, aliacha kazi mwaka 1965. Alilalamika waziwazi kwamba si jambo la maana watu wazima watatu kumwomba baba yao ruhusa kwa kila kitu. Na kweli Lorne Greene, aliyekuwa Ben, alimzidi miaka 13 tu. Katika hadithi Adam akawa amesafiri tu, na wenziwe wakaendelea.

Na kwetu ikawa hivyo hivyo. Mwaka 1966 kaka alipata kazi Kuwait, akaikubali bila ya kumwuliza baba. Alikuwa na miaka 27. Maneno yalisemwa usiku ule ambayo sitayaandika hapa. Asubuhi kaka akaondoka na sanduku lake, na baba akatuambia jina lake lisitajwe nyumbani. Halikutajwa. Mama aliendelea kuteka sahani moja zaidi kwa muda, kisha akaacha.

Usiku mmoja, mwaka uliofuata, tumekaa kwenye Bonanza. Bibi, aliyekuwa hajui Kiingereza hata neno, akauliza, "Yule wa nguo nyeusi yuko wapi siku hizi?"

Mama akajibu, "Amesafiri, mama."

"Na baba yake hamuulizi?"

Hapana aliyejibu. Bibi akamgeukia baba, si televisheni. "Mimi nakuuliza wewe. Baba yake hamuulizi?"

Baba akainuka, akatoka nje bila ya koti, na shilingi ikaisha, tukabaki kizani. Siku ya tatu aliniita, akanipa bahasha niandike anwani ya Kuwait kwa Kiingereza, maana mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Ndani ameandika nini sijui mpaka leo. Kaka alijibu. Walionana tena mwaka 1973 Maskati, na baba alipofariki mwaka 1981, kaka ndiye aliyemshusha kaburini.

Wale wachezaji nao wamekwenda wote. Dan Blocker, Hoss wetu, mtu wa miraba minne aliyewahi kuwa mwalimu wa skuli, alifariki Mei 1972 baada ya kupasuliwa, na kipindi hakikudumu hata mwaka baada yake. Victor Sen Yung, aliyekuwa mpishi Hop Sing, alifariki 1980; Lorne Greene 1987; Michael Landon, Joe, 1991; na Pernell Roberts, aliyetangulia kuondoka nyumbani, alikuwa wa mwisho katika wale wanne, mwaka 2010.

Nimeambiwa kwamba kitabu hiki mwaka huu kitachapa shajara ya ukoo wetu, na kwamba wako wanaotaka watoto wapangwe kwa mama zao, kila tumbo na safu yake, ili iwe wazi. Naelewa, na haki ya mama zetu kutajwa ni kubwa. Majina yao yaandikwe yote matatu. Lakini watoto wa baba yangu naomba waandikwe mstari mmoja, kwa umri wao, na kaka awe wa kwanza. Jina lake limeshakaa bila kutajwa mwaka mzima katika nyumba moja. Yatosha.