Kabla Hujafunga Grupu, Angalia Nani Bado Amekaa Kimya Ndani

Wiki iliyopita nilianza kuua grupu, na kwa akili yangu nilikuwa nafanya usafi.

Ni ile grupu ya Facebook ya darasa letu, tuliyofungua 2016 tukiwa kidato cha pili, simu za kuficha kwa magodoro. Siku hizi hakuna mtu huandika huko. Ukiingia unapata matangazo ya kubeti na mtu wa kuuza viatu ambaye hakuna anayemjua. Stori zote ziko WhatsApp. Nikaweka tangazo: "Hapa tunafunga Ijumaa. Linki ya WhatsApp ndio hii." Ijumaa ikafika, nikaanza kutoa watu mmoja mmoja.

Nilikuwa nimetoa kumi na mmoja wakati msee mmoja aliniingilia inboksi. Huyu hakuwa ameandika kitu tangu 2019. Akaniambia: "Mazee, ngoja kwanza. Ile posti ya matanga ya mathe iko hapo, na majina ya wote walituma pesa. Mtu akipata shida huwa narudi kuangalia, nijue nani alinisimamia. Na hiyo WhatsApp yenu simu yangu haikubali. Ni kabambe."

Nikaweka simu chini. Mimi nilikuwa nimehesabu kimya kama nyumba tupu. Kumbe mtu alikuwa ndani, ameketi tu, hapigi kelele.

Usiku huo sikulala mapema. Nilirudi kusoma jinsi wakubwa wa intaneti walivyofunga mitaa yao, na manze, kosa langu lina historia ndefu.

Tuanze na GeoCities. Ilianzishwa Marekani mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner. Ulikuwa unapewa ploti ya bure ujenge ukurasa wako, na ploti zilipangwa kwa mitaa: wapenda filamu wakae Hollywood, watu wa kompyuta wakae SiliconValley. Watu walijua majirani wao. Mwaka 1999 Yahoo ikainunua kwa zaidi ya dola bilioni 3.5. Miaka kumi baadaye, tarehe 26 Oktoba 2009, ikazima mtaa wote. Wakaaji waliambiwa wabebe vitu vyao, na kama wanataka kuendelea, wahamie huduma ya Yahoo ya kulipia.

Hebu fikiria. Umekaa kwa ploti ya bure miaka mingi, halafu unaonyeshwa nyumba ya kodi. Na yule aliyesahau nywila yake? Na yule aliyekufa akaacha ukurasa wa picha za watoto wake? Hao hawakuwa na mkono wa kubeba chochote. Ni watu wa kujitolea, kama kikundi cha Archive Team cha Jason Scott, waliokimbia kunakili kurasa kabla stima haijazimwa. Sehemu kubwa ya kile tunachoweza kuona leo cha GeoCities ni kazi ya watu kama hao.

Orkut ilifungwa kwa heshima kidogo. Ilikuwa ya Google, ilianza 2004, na ilishika sana Brazil na India kabla Facebook haijawachukua watu. Tarehe 30 Juni 2014 Google ilitangaza kwamba itafungwa tarehe 30 Septemba. Miezi mitatu ya kujipanga. Jumuiya zilizokuwa wazi kwa umma ziliwekwa kwa kumbukumbu ili watu waendelee kuzisoma, na picha zako ungeweza kuzihamishia Google+.

Sasa hapo kwa Google+ ndio kuna mchezo. Mwaka 2018 Google yenyewe ilikubali kwamba asilimia 90 ya mara ambazo watu waliingia Google+ hawakukaa hata sekunde tano. Tarehe 2 Aprili 2019 akaunti za watu wa kawaida zikafungwa pia. Kwa hivyo aliyebeba picha zake kutoka Orkut alihamia nyumba ambayo wageni walikuwa wanachungulia mlangoni na kwenda zao, halafu akafukuzwa tena.

Sisemi kufunga ni dhambi. Kuna Mkenya alifunga, na alifanya poa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati watu walikuwa wanauana huku nje, jukwaa la Mashada lilijaa matusi ya kikabila. Hilo halikuwa limekufa, lilikuwa na uhai mbaya. Wasimamizi wakalemewa. Mwanzoni mwa 2008 David Kobia, aliyekuwa analiendesha akiwa Marekani, alifunga mijadala na kuwaelekeza watu kwa tovuti mpya, I Have No Tribe, yaani sina kabila. Watu wakaandika huko kuhusu kuwa Mkenya. Kobia huyo huyo ni mmoja wa walioanzisha Ushahidi, ile ramani ambayo watu waliripoti vurugu kwa simu na intaneti.

Angalia tofauti. Kobia hakutupa linki tu na kuenda zake. Alijenga mahali pengine, pakiwa na sababu ya watu kuingia, na mlango ambao kila aliyezoea Mashada angeweza kupita. Yahoo iliwaonyesha watu mlango wa kulipia. Na mimi, bila kujua, niliwaonyesha wenzangu mlango wa wenye simu kubwa.

Ndio maana siku hizi mtu akiniambia "hii grupu imekufa," namuuliza alipima na nini. Ukihesabu posti utaona kaburi. Lakini kuna watu husoma bila kuandika, kuna wenye bando ya mara moja kwa wiki, na kuna wanaorudi tu siku wanapohitaji jina fulani. Linki hubeba wale ambao tayari wangefika. Wengine inabidi uwatafute.

Kwa hivyo Facebook sikufuta. Nimeisimamisha: hakuna anayeweza kuongeza kitu, hata yule wa viatu, lakini posti za zamani zinasomeka. Ile orodha ya mchango nimeinakili kwa daftari pia, kwa sababu Facebook nayo si ya mamangu. Wale kumi na mmoja niliwaomba msamaha na kuwaalika tena. Wanane wamerudi. Watatu hawajajibu.

Na huyo msee wa kabambe? Kukiwa na jambo kubwa kwa WhatsApp, ninamtumia SMS. Ni shilingi moja hivi. Singejua anaihitaji kama hangenishika mkono nikiwa kwa jina la kumi na mbili, na hilo jina, nilipoangalia vizuri, lilikuwa lake.