Kilua na Liwa: Manukato ya Mombasa Bara

Kilua ni ua la mkilua, mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Petali zake ni nene, na harufu yake ni nyepesi na tamu, kama ya tunda lililoiva. Haijazi chumba kama asumini. Wanawake wa Kiswahili walilitia ua hili katika nguo na nywele muda mrefu kabla halijaingia vitabuni. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandikia mti huo sifa zake za kisayansi mwaka 1970 aliuita Mkilua fragrans, akilichukua jina la Kiswahili kama lilivyo. Ni heshima ambayo miti michache ya pwani imeipata, nao mkilua uliistahili.

Harufu nyepesi ina upungufu wake: huruka upesi. Chembe za harufu ya maua na matunda hupeperuka mapema, ilhali zile za miti kama sandali na udi ni nzito na hushika nguo hata siku ya pili. Kwa hiyo manukato ya Mombasa yalijengwa kwa tabaka mbili, ua juu na mti chini.

Tabaka hizo zilitoka pande mbili. Sandali ilitoka Bara Hindi na udi mashariki zaidi, zikaletwa na majahazi ya kaskazi, kwa kuwa mti mkavu hauharibiki safarini. Marashi ya waridi nayo yalisafiri: msafiri Ibn Battuta alimiminiwa marashi ya Dameski alipopokewa Mogadishu mwaka 1331.

Ua bichi halingoji jahazi. Lazima lichumwe karibu, na karibu ya mji wa kisiwani kulikuwa ng'ambo: Kisauni, Likoni, Mtongwe na Changamwe, walikokuwa na mashamba watu wa mjini. Chini ya minazi na miembe, mrehani na asumini vilipata nafasi yake uani. Kilichotoka Kisauni kilivuka kwa chombo hadi daraja la kuelea la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1931. Likoni ilipata feri mwaka 1937.

Kazi yenyewe ilifanywa na wanawake, aghalabu alasiri, ili harufu iwe mbichi usiku wa harusi. Kwa kikuba, rehani, asumini, petali za waridi, vilua na mkadi uliochanwa nyuzinyuzi hutandazwa kwenye sinia, hunyunyiziwa marashi na unga wa sandali, kisha hufungwa kitita kidogo cha kuvaliwa kifuani. Liwa hutaka subira zaidi. Kipande cha sandali husuguliwa juu ya jiwe lenye maji au marashi, duara baada ya duara, mpaka utoke uji mwembamba wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Huo ndio apakwao bibi harusi. Nguo zake hufukizwa udi juu ya chetezo kabla hajazivaa, na kikuba huja mwisho, juu ya vyote.

Afrika Mashariki ina msandali wake pia, Osyris lanceolata, mti wa nyanda kavu wenye vijitunda vyekundu. Mafuta yake mengi yamo mizizini, kwa hiyo wavunaji huung'oa mzima, na mti uliong'olewa hauchipui tena. Uharibifu huo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ya Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES. Shehena za magendo zimekamatwa zikielekea nje kupitia Mombasa.

Siku hizi manukato ya matunda huuzwa yakiwa tayari chupani, mengi yakipitia Dubai. Stroberi na rasiberi hazitoi mafuta ya kukamuliwa, hivyo karibu harufu zote za aina hiyo hutengenezwa maabara, kisha huwekewa sandali au mwerezi chini ili zikae. Kwa upande wa ua bichi, huko Kisauni na Likoni nyumba zimejaa palipokuwa mashamba, na mkilua unahitaji kivuli na ardhi ya kushika mizizi. Anayetaka vilua vya harusi huviagiza mapema kwa mwenye mti.